Nyasi kwenye Fuvu la Tembo

Mzee alinipa fimbo yake nimshikie, akashuka korongoni. Nilidhani anakwenda kujisaidia, nikageuza uso. Alipokawia nikachungulia. Alikuwa ameinama kwenye kivuli cha jiwe, mahali ambapo unyevu wa masika ulikuwa haujaisha, anachagua nyasi. Anang'oa unyasi mmoja, anautazama, anautupa. Anang'oa mwingine. Ilikuwa Julai, nchi yote ya mashariki mwa Longido kuelekea Kilimanjaro imekauka rangi ya gunia, na mzee wa miaka sabini na ushee amenisimamisha juani akitafuta nyasi mbichi.

Akapanda na kitita kidogo, hakijazi kiganja. Akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye fuvu la tembo lililokuwa pembeni mwa njia ya ng'ombe.

Fuvu lile nilikuwa nimeliona kwa mbali nikadhani ni jiwe jeupe. Ukilikaribia unakuta katikati ya uso tundu moja kubwa, ambalo mtu asiyejua atasema ni jicho, kumbe ndipo mkonga ulipoanzia. Pale mfupa ulipomeguka, ndani kuna vyumba vyumba kama sega la nyuki. Taya la chini lilikuwa limelala hatua mbili kutoka hapo, na jino moja bado limo: refu kama tofali, juu lina mistari kama soli ya katambuga, na upande wa mbele limesagika mpaka limekuwa laini. Pembe hazikuwapo. Rafiki yangu, mwana wa mzee huyu, alinieleza baadaye kwamba askari wa wanyamapori walikuja kuzichukua wiki ile ile tembo alipokufa, katika ukame wa 2022. Pembe ni nyara za serikali, na hata kipande cha mfupa huruhusiwi kukitia mfukoni.

Mzee alitema mate kidogo juu ya zile nyasi, zaidi kupuliza kuliko kutema, akainama, akazitia kwenye lile tundu. Akasema maneno machache kwa Kimasai. Mkononi alikuwa amebakiza nyasi nne au tano. Akaninyooshea.

"Na wewe, fundi."

Sikuzipokea.

Niseme nilifikaje pale. Mimi ni fundi wa sola, nakaa Kwa Mrombo hapa Arusha, huu ni mwaka wa sita. Chumba cha jirani yangu anakaa kijana wa Kimasai anayelinda duka la vifaa vya ujenzi usiku. Alikuwa amejinyima karibu mwaka mzima ili amwekee baba yake umeme nyumbani: paneli moja ya wati 150, betri, taa nne na sehemu ya kuchajia simu. Tulikubaliana anunue vifaa, ufundi nimfanyie bure. Tukapanda Noah ya Namanga, paneli imefungwa juu na mablanketi mawili, tukapita Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, Mlima Meru ukiwa kulia, mpaka Longido, kilomita kama 80. Kutoka hapo ni bodaboda. Mimi nimekumbatia betri, yeye ameibeba paneli mgongoni, na upepo wa Longido unaivuta kama tanga.

Tulipofika, watoto walikuja mmoja mmoja kuniinamishia vichwa. Sikujua nifanye nini. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Waguse utosini." Nikawagusa wote kumi na mbili. Kwetu mtoto angesema shikamoo na ungeitikia marahaba kwa mbali. Hapa kila salamu unaishika kwa mkono.

Siku ya pili asubuhi mzee akaniomba twende nikaone kisima chao, kama kinaweza kuwekwa pampu ya sola. Ndiyo safari iliyotupitisha kwenye lile fuvu.

Nilipozikataa zile nyasi hakukasirika. Alizitia zote, akachukua fimbo yake, tukaendelea. Kisimani nikapima kina kwa kamba, nikaandika namba zangu, tukarudi kwa njia nyingine. Hakuniuliza kitu. Lakini mimi mwili ulikuwa umenisisimka, na hesabu ya pampu nilikuja kugundua jioni kwamba nimeikosea.

Kwetu ni Tunduru. Sisi ni Wayao. Kwa Kiyao tembo ni ndembo, na kwa watoto tuliolelewa kandokando ya ushoroba wa Selous na Niassa, njia ya wanyama kati ya hifadhi yetu na ile ya Msumbiji, hilo ni jina la kutajwa kwa sauti ya chini mahindi yakianza kubeba. Tembo wanatoka hifadhini wanakwenda na kurudi ng'ambo ya mto Ruvuma, na mashamba yetu yako katikati. Msimu ukifika watu wanahamia dunguni. Unakaa juu ya dungu usiku kucha na debe, moto unawaka chini, na ukisikia matawi yanavunjika unapiga debe na kupiga kelele. Siku hizi kuna wanaozungushia shamba kamba yenye vitambaa vilivyochovywa oili chafu na pilipili, inasaidia. Wakati ule tulikuwa na madebe tu.

Aprili ya 2008, nikiwa darasa la sita, mjomba wangu alishuka dunguni alfajiri kuchochea moto uliokuwa unazimika. Alidhani kundi limeshapita. Lilikuwa limepita kweli, isipokuwa mmoja.

Sitaandika zaidi ya hapo. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri, na mimi ndiye niliyetumwa kukata tawi bichi la kuchomeka kaburini. Nililikata kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba yake. Siku ya tatu askari walimpata yule tembo, au tembo mwingine, nani angejua, wakampiga risasi kwenye mpaka wa shamba letu na la jirani. Pembe zikaondoka na gari. Nyama walichukua waliotaka; sisi hatukula. Mifupa ikabaki. Kwa miaka mitatu minne, kila nikitoka shule nilipita pale kwa makusudi nikalitupia mawe lile fuvu. Nilikuwa nalenga lile tundu la mbele.

Baadaye wakaja maofisa kupima shamba na kuandika majina, kuna fedha zinazoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu. Kanuni zake ni za mwaka 2011, sisi tulikuwa tumeshatangulia. Na baadaye zaidi wakaja majangili. Nchi nzima tembo walikuwa takribani 109,000 mwaka 2009, na sensa ya 2014 ikakuta takribani 43,000. Wakati watu wengine wanasikitika, mimi nilifurahi. Naandika hivi bila kuficha kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini sikupokea nyasi.

Jioni ile tulikaa nje, moto katikati, ng'ombe wameshaingia. Bibi wa nyumba alinipa maziwa ya kibuyu, mazito, yana harufu ya moshi wa mti wanaoutumia kusafishia kibuyu. Taa nilizofunga zilikuwa zinawaka ndani, lakini hakuna aliyekuwa ndani. Mzee akasema na mwanawe kwa Kimasai, kisha akanigeukia kwa Kiswahili chake cha polepole.

"Kijana wangu, tembo amekufanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na ya mawe pia. Rafiki yangu tumeishi ukuta kwa ukuta miaka mitatu, nilimwona ananitazama kama mtu anayeniona mara ya kwanza. Mzee hakunikatisha. Nilipomaliza akasema "Pole sana," akakaa kimya muda mrefu, akitengeneza kuni kwa ncha ya fimbo.

Kisha akauliza, "Unajua tembo anaitwaje kwetu?"

Nikasema sijui.

"Olenkaina. Huu," akanyanyua mkono wake wa kulia karibu na moto, vidole vimekunjika kwa uzee, "ni enkaina. Mkono. Tembo ni yule mwenye mkono."

Nikawaza neno letu la Kiswahili. Mkono, mkonga.

Akanisimulia jinsi alivyosikia kwa bibi yake. Zamani tembo alikuwa binti wa Kimasai. Siku ya kuolewa alipotolewa kwao aliambiwa asigeuke nyuma, kama wanavyoambiwa mabibi harusi wao mpaka leo. Yeye akageuka. Pale pale akawa tembo, akaingia porini na mapambo yake. "Ndiyo maana ana maziwa kifuani," mzee akasema. "Ng'ombe ana kiwele nyuma. Mbuzi nyuma. Twiga nyuma. Yule anayo hapa." Akajigusa kifua. "Utamwona mwenyewe, hutasema mzee ananidanganya."

Nilimuuliza lililonikaa kooni. Ninyi mnapenda tembo? Kwa sababu nimesikia waongozaji wa watalii mjini Arusha wakiwaambia wageni kwamba Wamasai wanawapenda tembo kama ndugu, na wageni wanaandika.

Mzee akacheka mara moja, akaacha. Akasema mwaka juzi tembo alimuulia mtamba lamboni, mtamba wa rangi ya kijivu aliyemtaja kwa jina. Akasema katika ujana wake, rika lake la morani liliwahi kumchoma mkuki tembo aliyeua mchungaji, na yeye alikuwepo, na mkuki mmojawapo ulikuwa wake. "Kumpenda ni kitu kingine," akasema. "Mtoto akikosea, mkubwa anataka kumchapa, mtoto aking'oa nyasi akazishika, mkubwa anaacha. Hata kama hasira bado ipo. Watu wakipigana, mmoja akang'oa nyasi, ugomvi umekwisha. Hawajapendana. Ugomvi ndio umekwisha."

Akachukua muda.

"Yule pale njiani amekufa. Mimi bado. Ugomvi wangu na yeye umekwisha."

Hakusema wewe unapaswa kufanya nini. Angesema, nadhani ningekataa tena.

Usiku sikulala vizuri. Tangu shule ya msingi nimesikia kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, nimeandika hata insha. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao kwao unyasi ndio unaoamua ugomvi umekwisha lini.

Asubuhi ya siku ya tatu nilipanda juu ya bati kumalizia. Paneli ilikuwa imekaa vizuri ila nilitaka kuongeza boliti mbili kwa ajili ya upepo. Kilimanjaro ilikuwa wazi kabisa, mawingu hayajapanda. Nikasikia rafiki yangu ananiita kwa chini, "Fundi, usiongee. Tazama lamboni."

Walikuwa saba. Umbali wa mita kama mia mbili na hamsini hivi, wanamalizia kunywa. Mikono ilianza kunitetemeka, nikaweka spana chini taratibu isije ikagonga bati. Nilikuwa sijawahi kuwatazama tembo mchana nikiwa nimetulia. Kwetu nilikuwa nawasikia usiku na kuona walichokifanya asubuhi.

Jike mkubwa alitoka kwenye maji, ndama akamfuata. Ndama akajipenyeza ubavuni, mbele, karibu na mguu wa mbele wa mama yake. Mama akasogeza mguu ule hatua moja kumpa nafasi. Ndama akakunja mkonga wake mdogo, akaulaza juu ya paji la uso ili usimzuie, akanyonya kwa mdomo. Pale pale mzee aliposema, kifuani, kati ya miguu ya mbele. Ziwa lilikuwa limejaa na limelala upande, kama la mama yeyote anayenyonyesha amesimama akiwa na kazi nyingine mkononi. Na kweli alikuwa na kazi nyingine: mkonga wake ulikuwa unachukua vumbi na kujirushia mgongoni huku mtoto ananyonya.

Sijui nilikaa juu ya bati muda gani. Kuna wakati wachungaji wawili vijana walitokea upande wa pili na ng'ombe, wakiitana. Sauti zao zilikuwa mbali, mimi nilizisikia kwa shida. Lakini tembo wote saba walisimama. Wakasogeleana mpaka wakawa kitu kimoja, ndama katikati simwoni tena, mikonga juu inanusa. Halafu wakaondoka, si kwa kukimbia, kwa mwendo wa kuazimia.

Nilirudi Arusha na hilo kichwani, nikalitafuta kwenye simu, na kumbe limefanyiwa utafiti ng'ambo ya mpaka, Amboseli nchini Kenya, ambapo tembo wa upande huu na ule wanapita wapendavyo. Mwaka 2007 watafiti waliwanusisha tembo nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimasai na nguo zilizovaliwa na Wakamba, ambao ni wakulima. Nguo za Wamasai ndizo zilizowatisha zaidi. Mwaka 2014 utafiti mwingine ukawasikilizisha sauti zilizorekodiwa, watu wa makundi tofauti wakisema kwa lugha zao maneno yale yale: tazama, tazama kule, kundi la tembo linakuja. Waliposikia mwanamume mzima wa Kimasai walikusanyika na kurudi nyuma zaidi kuliko kwa mwanamume wa Kikamba, na zaidi kuliko kwa mwanamke au mtoto wa kiume wa Kimasai. Yaani tembo anajua lugha, anajua jinsia, anajua umri, na anajua nani hubeba mkuki. Nikasoma pia kwamba tembo wakikuta mifupa ya tembo mwenzao husimama, huigusa kwa mkonga na kwa nyayo, na kwamba wameonekana wakimfunika aliyekufa kwa matawi na nyasi.

Hapo niliweka simu kitandani, nikatoka nje kukaa ngazini.

Nilichukulia maisha yangu yote kwamba tembo ni kama mafuriko. Kinakuja, kinaondoka na mtu wako, hakina habari. Na mawe yangu yalikuwa mawe ya kukipiga kitu kisicho na habari. Sasa nilikuwa nimeona wanaojua kuogopa sauti ya mtu fulani kwa sababu zilizotokea kweli, na mtu huyo huyo wanayemwogopa ndiye anayeshuka korongoni kuwatafutia nyasi mbichi. Mzee hakuwa amenificha mkuki wake. Hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Angekuwa na nyasi tu bila mkuki, ningesema huyu hajui tembo ni nini.

Na sisi? Mababu zangu walibeba pembe kutoka bara mpaka Kilwa, safari za miezi, vizazi kwa vizazi, na kwa njia zile zile ndiyo dini yetu ilitufikia. Bibi yangu alikuwa akisema wawindaji wa zamani walikuwa na miiko: mke aliyebaki nyumbani asigombane na mtu, asikasirike, mpaka mume arudi. Miiko ya kwenda kumkabili tembo naijua. Ya kufanya baada ya hapo, kama ilikuwepo, haikunifikia.

Lakini kabla ya kusoma hayo, siku ya kuondoka kule Longido, nilimwomba mzee anisindikize mpaka njiani, akajua. Tulipita kwenye fuvu. Nyasi zake zilikuwa zimeshakauka ndani ya tundu, zimekuwa rangi moja na mfupa. Nilishuka korongoni mwenyewe. Kutafuta unyasi mbichi Julai si kazi ndogo, nilielewa kwa nini alichukua muda ule. Nyingi ukizitazama juu ni za kijani, chini zimeshakufa. Nilipata tatu nzuri. Sikutema mate, si desturi yetu na sikutaka kuigiza. Nilisema nilichokisema pale makaburini 2008, maneno yale yale, kwa Kiarabu kile kile cha madrasa, nikaziweka. Mzee alikuwa amesimama nyuma, kofia ya sufi mkononi.

Jumapili nikampigia mama. Nikamsalimia, akaitikia, tukaongea habari za korosho na mguu wake unaomsumbua. Kisha nikamsimulia yote, kuanzia fimbo mpaka nyasi. Nikamuuliza kama lile fuvu la mpakani bado lipo.

"Lipo," akasema. "Limezama nusu. Mkorosho umeota pembeni yake."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Dada yake mjomba ni yeye. Nilikuwa namsikia kuku nyuma yake na mtu anatwanga.

"Hizo nyasi," akasema, "ni za aina gani?"

Nikamwambia jina silijui, ila zilikuwa mbichi.